Mukeka wa Mama na Viti vya Sudi

Kindu, 4 Februari 1957

Yaya Sudi,

Salamu zangu zikukute umeketi, ndugu yangu mukubwa, maana najua ukisimama uko na randa mukononi na husomi barua ya muntu. Bwana yangu Bulaimu anakusalimia. Onema, aliyechukua jina la baba yetu, iko muzima, ametimiza miaka mitatu na kila kitu anauliza "kwa nini". Mutoto mudogo ninaye mugongoni hapa ninapoandika. Ukiona mwandiko umeruka ujue ni muguu wake. Usingizi sipati, lakini hiyo si habari. Maji ya Lualaba yamepanda, na wale waliolima karibu na maji huku Mikelenge wameng'oa mihogo haijakomaa.

Mama anakusalimia. Toka Januari iko hapa kwetu. Ametoka Kibombo kuja kupumzika.

Sasa nikupe habari za hapa, wewe fundi. Siku hizi Kindu muntu hana saloni ya kupokea wageni kama hana viti vya miguu ya kupanuka, myembamba chini, kama ndama aliyezaliwa asubuhi. Viti vya kekele, vile vya kusuka, wanavipeleka jikoni. Jirani yangu Victorine, ambaye bwana yake ni mekanisyen wa reli, ameweka vinne, na meza fupi ya kufika magotini, na pazia za maua, na napero, vile vitambaa vya kufuma, juu ya kila kitu. Redio ameivalisha napero kama bibi arusi. Bulaimu alikwenda kusalimia pale, akarudi ananiambia, "Nimekaa nusu ya tako. Niliogopa hata kupumua." Nilicheka. Lakini nilipoingia kwangu niliona kuta zangu ni kuta tu.

Pale fwaye, tunapofundishwa kushona na kupanga nyumba, Madamu anayetufundisha ametuambia ya kwamba mwezi wa Julai watapita nyumba kwa nyumba kutazama saloni. Mama wa nyumba itakayoshinda atapewa mashini ya kushona. Yaya, mimi nashona kwa mukono, na hawa watoto wawili wanararua kuliko ninavyoshona. Ile mashini naitaka, sitakuficha.

Basi ombi langu: nifanyie viti vinne na meza. Na la pili, ambalo njo la kwanza: kwa Idi, mwanzo wa Mei, uje. Mama hakunituma kuandika hivyo. Naandika mimi.

Mudogo wako,
Mwavita


Stanleyville, 23 Februari 1957

Mwavita, mudogo wangu,

Sisi huku tuko wazima. Ninasimamia mafundi sita sasa, na mmoja tu kati yao njo anajua kunoa patasi. Nimewasomea ile habari ya ndama, wamecheka mpaka patron, mwenye karakana, ametoka ofisini kuuliza nani ameumia. Salamu kwa shemeji, kwa watoto, na kwa mama.

Mwambie Victorine amechelewa. Vile viti vyake huku vilikuwa vya mwaka wa juzi. Sasa mugongo wa kiti unalala nyuma kidogo, mikono ni myembamba, na matakia ni ya musi, kitu laini kama mukate uliotoka kwenye tanuru. Rangi hazifanani tena: viwili vyekundu, viwili vya manjano. Na meza haina pembe. Inapindwa kama punje ya haragi, miguu mitatu tu, na inasimama vizuri kuliko ya minne. Nitakupa hiyo.

Napero uzitoe zote. Meza iliyopakwa verni ya kung'aa haivalishwi. Ukutani tundika picha moja, si saba. Ukuta upake rangi mbili, ya giza chini mpaka kimo cha mugongo wa kiti, ya mwanga juu. Pazia zifike chini kabisa. Pazia fupi ni kama suruali ya muntu aliyekua haraka.

Na kwa mama nataka kufanya kiti chake peke yake. Viti vya watu wote vinamuumiza muntu mufupi, miguu inaning'inia. Chukua uzi. Pima toka chini ya goti mpaka kisigino, funga fundo. Hapo endelea: toka makalio mpaka bega, fundo la pili. Kisha nyonga mpaka nyonga, fundo la tatu. Usiniandikie hesabu. Muntu akiandika hesabu anaweza kuongeza au kupunguza; uzi unasema ulivyokatwa. Uweke ndani ya barua.

Kwa ile habari ya Idi, kazi iko nyingi. Tutaona.

Ndugu yako,
Sudi


Kindu, 17 Machi 1957

Yaya Sudi,

Tuko wazima kiasi chetu. Onema alipata surua, imekwisha. Mutoto mudogo ameota meno mawili na ananiuma nayo. Bulaimu amepaka kuta rangi mbili kama ulivyosema, na mikono yake, na shati lake la kazi.

Uzi uko humu. Mama alikataa kupimwa. Aliniambia, "Anapima nini? Kaburi halichimbwi na seremala." Nikamuambia ni kiti, mama, Sudi anakufanyia kiti chako mwenyewe. Kisha akasema, "Na wa kuketi naye, nitamupimia kwa uzi gani?" Basi nikangoja. Alipolala muchana nikamupima pole pole, na Onema ananiuliza kwa sauti kubwa, "Kwa nini unamufunga bibi?"

Mukeka wake uko kwenye pembe ya saloni, apate kutazama mulango. Pale njo anasali, anakula, analala. Madamu wa fwaye alipita juma hili kuona matayarisho yetu. Alisifu kuta, akasifu pazia. Kisha akasema kwa upole ya kwamba mukeka ungefaa chumba cha nyuma, maana saloni ni ya wageni. Nikamujibu, "Madamu, huyu njo mugeni wangu." Akaandika kitu katika daftari lake. Sijui aliandika nini.

Katika barua yako umetuma salamu kwa mama. Afya yake hukuuliza. Basi na mimi sijajibu.

Idi imekaribia. Nimekwisha kumuambia Bulaimu atafute mchele mweupe wa Kibombo, ule unaoupenda.

Mwavita


Stanleyville, 2 Mei 1957

Mwavita,

Idi ilikuwa jana. Nimesali, nimekula kwa watu wa Kasongo walio huku, wamenipa nyama nyingi. Nilifikiri mchele wako.

Sikuja. Kuna oda ya hoteli mpya, viti arobaini, na mimi njo ninashika ufunguo wa stoo ya mbao. Ungeona mwenyewe ungeelewa.

Viti vyako vinne na meza vimeondoka kwa treni mpaka Ponthierville, toka pale vitapanda masua, meli ya mutoni. Vitafika Kindu kama siku kumi. Nimevifunga na majani makavu na magunia. Usikate kamba kwa kisu upande wa verni. Usiviweke karibu na dirisha, jua linafungua gundi. Meza isimame katikati, viti viwili viwili vitazamane, na nafasi ya kupita muntu mmoja na mutoto mugongoni, nimekufikiria hapo.

Kiti cha mama bado. Nimeutandika ule uzi juu ya ubao mara tatu. Fundo la kwanza ni yeye, namujua. La tatu limekaribia sana. Nyonga mpaka nyonga, hiyo ni ya mutoto. Nilifikiri umekosea, labda Onema alivuta uzi, labda ulimupima Onema mwenyewe. Niandikie ya kwamba umekosea.

Sudi


Kindu, 26 Mei 1957

Yaya Sudi,

Tunakusalimia wote. Nimeandika barua hii mara mbili na kuipasua. Hii ya tatu utaisoma ilivyo.

Viti vimefika, hakuna hata alama. Vilipotoka kwenye masua watu walivifuata mpaka nyumbani kama vile ni arusi. Victorine aliingia, akazunguka ile meza, akaipapasa na kidole, akasema, "Mwavita, umeniua." Akarudi kwake akaivua redio yake napero. Bulaimu ameketi siku mbili kwenye kiti chekundu anasoma gazeti moja lile lile. Ni kazi nzuri, yaya. Nakushukuru kwa moyo wote, na sitaki upime neno hilo.

Mama alivitazama toka mukekani. Akauliza, "Viti vingapi?"

Nikamuambia, "Vinne, mama."

Akavitazama kimoja kimoja. "Na Sudi ni kipi?"

Nilikwenda jikoni.

Sikukosea uzi. Mama iko mugonjwa toka Januari, njo sababu ametoka Kibombo. Ni tumbo. Infirmier wa zahanati amemuona, daktari amemuona, wamempa dawa ya maumivu na kusema arudi nyumbani ale anachotaka. Anachotaka ni vijiko viwili vya uji wa mchele. Nikimubeba kwenda kuoga, ninamubeba na mukono mmoja, mutoto iko mugongoni, na sijui yupi ni mwepesi. Aliniapisha nisikuandikie. Alisema, "Akija, aje kwa mimi, si kwa ugonjwa wangu." Leo nimevunja kiapo. Dhambi ile tuigawe, nusu yangu, nusu yako.

Na nikiwa nimekwisha kuvunja, nivunje yote. Mwaka 52, baba alipokufa Kibombo, tulikungoja mpaka jua lilipoinama, na maiti haingoji. Aliyeshuka kaburini kumupokea alikuwa muntu wa nyumba nyingine, na baba alikuwa na mwana mume mwenye nguvu. Baada ya mwezi ulimutumia mama kitanda. Kitanda kizuri, chenye maua yaliyochongwa kichwani. Hujui jambo hili: mama hajakilalia hata siku moja. Kitanda kile kiko Kibombo, kuku wanatagia chini yake. Toka siku kilipofika njo alianza kulala mukekani.

Siandiki kukuumiza. Nimechoka, yaya, na muntu aliyechoka hana nguvu ya kuzunguka neno. Umenitumia miguu kumi na sita ya muti, sijahesabu ya meza. Naomba miwili ya kwako.

Mwavita


Stanleyville, 20 Juni 1957

Mwavita,

Nawasalimia. Mimi ni muzima.

Kiti cha mama kimepanda treni leo. Ni muvule mutupu, hakina musumari hata mmoja, mbao zinashikana zenyewe. Nimekifanya siku za Jumapili, hakuna fundi mwingine aliyekigusa. Hakina rangi ya siku hizi wala miguu ya ndama. Ni kifupi, kimo cha fundo la kwanza, na upana nimefuata fundo la tatu lilivyo. Mikono nimeilainisha na jani la msasa, lile tulilokuwa tunamuokotea baba, mpaka haishiki hata uzi wa pamba.

Habari ya mwaka 52 usiniulize kwa barua.

Muwekee kiti karibu na mulango, kama anapenda kutazama mulango.

Sudi


Kindu, 24 Julai 1957

Yaya Sudi,

Wakubwa wa Kibombo wote wanakusalimia, na watu wa muskiti wa hapa, na Victorine. Wamenituma nikuambie pole. Nami nakuambia pole.

Telegramu Bulaimu aliipeleka mwenyewe siku ile ile, Ijumaa, na wa posta alimuambia itafika Jumamosi. Najua uliipata. Siulizi.

Nikusimulie, ni haki yako.

Kiti kilifika siku tisa kabla. Nilikiweka mbele ya mukeka wake. Alikuwa hana nguvu ya kuinua kichwa, lakini aliomba mukono wake niufikishe pale. Nikaufikisha. Akaupapasa mukono wa kiti toka mwanzo mpaka mwisho, akarudia. Akasema, "Amepiga msasa kama baba yake." Nikamuambia, mama, nikuinue ukikalie kidogo? Akasema, "Acha." Kisha akatoa tasbihi yake shingoni akaiweka pale pa kukalia, kama muntu anayeshika nafasi ya mwenzake aliyetoka kidogo. Kila siku ilikuwa pale. Akitaka kusali anaichukua, akimaliza anairudisha.

Ijumaa alfajiri aliniomba maji, akameza kidogo, akaniambia mutoto analia, niende. Mutoto alikuwa halii. Nikaenda. Niliporudi alikuwa amekwisha kwenda. Nafikiri hakutaka nimuone.

Alizikwa baada ya sala ya Ijumaa. Aliyeshuka kaburini ni Bulaimu. Alipotoka alikuwa na udongo mpaka kifuani, hakuoga mpaka jioni. Alisimama mahali pako, na hajasema neno juu yake. Ukimuona, mushike mukono.

Unajua desturi. Kukiwa na kilio nyumba haina viti. Wanaume walivibeba vyote vinne, na meza, wakaviweka uani, tukatandika mikeka saloni toka ukuta mpaka ukuta. Watu walijaa. Nilitazama zile kuta za rangi mbili: chini ya ile rangi ya giza watu wote walikuwa wameketi, juu hapakuwa na kichwa hata kimoja.

Jumatano iliyofuata, katikati ya matanga, Madamu wa fwaye alikuja na wengine wawili kutazama saloni. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa, Mungu ni shahidi. Walisimama mulangoni na karatasi zao. Madamu aliona viti uani, akaona mikeka, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwavita, unaweza kuvirudisha kwa nusu saa tu? Tutangoja. Ni saloni nzuri kuliko zote, ninajua."

Yaya, nilifikiri ile mashini. Nakuambia kweli, niliifikiri, na mama amezikwa siku tano tu. Nikaona Bulaimu ananitazama, angevibeba kama ningesema. Nikamujibu, "Asante, Madamu. Leo sina saloni, niko na kilio. Mukitaka kuingia, muvue viatu, mukae chini nasi." Wale wawili walitazamana. Madamu alivua viatu, akakaa karibu na mulango, magoti yake hayakujua pa kwenda, akakaa mpaka dua ikaisha. Kisha wakaondoka.

Mashini amepewa Victorine. Siku ile ile alikuja na nguo yake nzuri akakaa kwenye mukeka mbele yangu, akaniambia, "Haiko yangu peke yangu. Lete nguo za watoto Jumatatu, na usinishukuru, nitalia." Akalia kabla ya mimi.

Hitima imesomwa, wageni wamerudi Kibombo. Sasa watu wananiambia, Mwavita, rudisha viti ndani, inatosha. Nimekataa. Hili ni jua la kiangazi, wewe mwenyewe uliniambia linafanya nini. Verni ya meza imetoka malengelenge. Kiti kimoja cha manjano kimefunguka muguu. Bulaimu aliniambia jana, "Tunaharibu kazi ya muntu." Nikamuambia, "Muntu mwenyewe aje aione." Kiti cha mama peke yake nimekiweka kwenye baraza, kivulini. Tasbihi iko juu yake. Onema nimemukataza kuigusa, akauliza kwa nini, nikamuambia ni mahali pa muntu.

Arobaini ni tarehe 20 Agosti. Mpaka siku ile sisi tunakaa chini, na watoto. Usinitumie kitu. Usitume bati ya verni, usitume fundi, usitume salamu kwa muntu anayepita. Kikifika kitu bila wewe, nitakirudisha kwa masua ile ile.

Mimi mudogo wako, na nakupenda, na sitabadili neno.

Mwavita


Stanleyville, 5 Agosti 1957

Mudogo wangu,

Musalimie shemeji Bulaimu kabla ya wote. Mwambie mukono wake nitaushika.

Telegramu niliipata Jumamosi saa nne. Niliikunja nikaiweka mufukoni, nikaendelea kupiga randa. Ubao uliokuwa mbele yangu ulikuwa wa mulango wa kabati. Fundi mmoja alikuja akanishika mukono, ubao ulikuwa umebaki mwembamba kama karatasi. Aliufagia pamoja na maranda.

Nilisema usiniulize mwaka 52 kwa barua. Nakuandikia mwenyewe, ili nikifika tusiseme. Mama aliamini nilinyimwa ruhusa ya kuja kuzika, na wewe uliamini, na wakubwa. Sikunyimwa. Sikuomba. Nilikuwa nimepewa kazi ya kwanza kubwa, nikaogopa nikitoka siku kumi mwingine atapewa randa yangu. Kitanda kile nilikichonga maua ili nisilale. Toka pale kila mwaka nilisema nitakwenda, na kila mwaka nilikuwa na deni la uso, nikatuma kitu badala ya uso.

Juma lililopita niliingia kwa patron kuomba ruhusa. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Hakuinua hata macho. Alisema, "Nenda." Neno moja, Mwavita. Miaka mitano niliogopa neno lile moja.

Masua yangu inaondoka Ponthierville tarehe 13.

Viti viache juani. Nataka nivikute vilivyo. Kile kiti kilichofunguka muguu tutakitazama baada ya arobaini, mimi na Onema, nitamujibu kila "kwa nini" yake. Kile cha barazani kiache na tasbihi yake, nisikikalie mpaka uniambie wewe.

Mafundi wananiuliza nabeba nini, maana wamezoea kunifungia mizigo ya Kindu. Nimewaambia safari hii sibebi kitu, hata randa. Wamefikiri nina ugonjwa.

Usinipokee kwa kiti. Nitandikie mukeka ule, pale pembeni, tutazame mulango.

Sudi